Bomba Nyuma ya Pazia

Wapendwa, kulikuwa na meneja mmoja wa hospitali. Hospitali yake ilikuwa na chumba kidogo chenye kompyuta zinazotunza mafaili ya wagonjwa wote. Chumba kikipata joto, kompyuta zinazima. Siku moja kiyoyozi cha ukutani kikafa.

Akanunua kile cha magurudumu, chenye bomba nene mgongoni. Fundi akamwambia, "Bosi, joto linatokea kwenye hili bomba. Tulipitishe dirishani, liende nje."

"Dirisha la mbele? Wageni waone bomba linaning'inia kama utumbo? Watatusema! Liache humo humo, weka pazia."

Pazia likawekwa, la maua. Meneja akasimama mbele ya mashine, upepo ukampiga usoni, akafumba macho. "Mnaona? Ulaya kabisa!"

Kompyuta zikazima. Akaongeza kiyoyozi cha pili, bomba la pili, pazia la pili. Zikazima tena! Nje wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, na miongoni mwao, jamani, mama mkwe wake. Mguu umevimba, faili halifunguki, dawa hapati. Na ni yeye meneja aliyemwambia, "Mama, njoo kwangu, utahudumiwa mara moja."

Kwa aibu akampeleka chumbani akajionee jinsi mkwewe anavyohangaika. Sasa heshima ya mama mkwe mnaijua. Atasimama bega kwa bega na mkwewe kwenye chumba kidogo vile? Thubutu! Akazunguka, akajibanza kule nyuma, penye pazia.

"Mama, unaisikia baridi hiyo?"

"Baridi ipi, baba? Huku kwangu mnachemsha maharage?"

Meneja naye akazunguka nyuma. Miwani yake ikaingia ukungu. Mchana huo huo mabomba yakapitishwa dirishani, wageni wakiyatazama. Yalikuwa mabaya kweli. Lakini faili likafunguka na mama akapata dawa.

Mnacheka. Haya, chekeni, hasa ninyi wa kwaya. Sisi je? Kila Jumapili tunasimama hapa mbele, tunapulizwa upepo mzuri usoni, tunafumba macho, amina! Na ile hasira tuliyokuja nayo imepitia dirisha lipi kwenda nje? Kwenda kumwomba mtu msamaha hatutaki, watu wataona bomba. Tunaongeza mfungo, tunaongeza mkesha, na pazia juu yake.

Inaniuma, wapendwa, kwa sababu nyuma ya pazia kuna mtu. Ukifika nyumbani leo, usimuulize mchungaji kama umeokoka. Muulize mkeo, muulize mumeo, waulize watoto: "Huko mliko, kuna baridi?"

Halafu nyamaza, usikilize.