Chumba cha Kombe

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yenyewe ni mwaka juzi, palikuwa na hospitali moja mlimani iliyosifika kwa usafi. Ilisifika mpaka ikapewa kombe. Kombe kubwa, lenye masikio mawili na rangi ya dhahabu. Lilitolewa kwa heshima ya bango la kunawa mikono lililobandikwa ukutani, bango zuri kweli, lenye picha sita za viganja. Chini ya bango palikuwa na bomba. Bomba lilikuwa halitoi maji, lakini wakaguzi hawakuja kunawa, walikuja kukagua.

Sasa, kombe likae wapi? Katibu wa hospitali, Bwana Kisamo, mtu makini sana, akaona lisije likashikwashikwa na mikono ya wagonjwa. Katika wodi ya wanawake palikuwa na chumba cha pembeni: kitanda kimoja, choo chake, bomba lake lenye maji. Kilijengwa kwa ajili ya kumtenga mgonjwa. Bwana Kisamo akaliweka kombe humo, akafunga kwa ufunguo. Basi katika hospitali nzima, aliyekingwa dhidi ya vijidudu akawa kombe peke yake. Na kweli halikuumwa hata siku moja.

Kuhara kukaingia wodini. Kamati ya kuzuia maambukizi ikakutana upesi, ikala sambusa kwa mikono iliyotoka kusalimiana, ikaazimia libandikwe bango la pili.

Msimamizi wa wodi, Sista Evelina, hakungoja bango. Alichukua vipimo vya choo. Vifaa vikatosha wagonjwa sita kati ya kumi na wanane, na majibu yaliporudi akayasoma mara mbili. Mnajua tumboni mwa mtu wanaishi bakteria, tena wengi, hata tumboni mwa Katibu. Wengi wao ni wapangaji wema. Lakini pale kila aliyelazwa alimiminiwa dawa kali za kuua bakteria, hata aliyekuja na jino, eti tahadhari. Wapangaji wema wakafa wa kwanza. Mdudu mmoja sugu, asiyesikia dawa, akakuta vyumba vitupu, akahamia bila kupiga hodi.

Sista akaenda kwa Katibu.

"Bwana Kisamo, naomba ufunguo wa chumba cha kombe."

"Sista, wakaguzi wanakuja Ijumaa!"

"Na mgonjwa akifa Alhamisi?"

Katibu akawaza. Maiti siku moja kabla ya ukaguzi ingeharibu takwimu. Akatoa ufunguo. "Mgonjwa mmoja tu. Na kombe nalihamishia ofisini kwangu, mimi mwenyewe, na glovu."

Glovu zikapatikana, kombe likatolewa, mlango ukafungwa tena. Za kombe hazikosekani.

Sista akarudi wodini, akaingiza ufunguo tunduni. Bibi Sikudhani akaita kutoka kitanda cha nne.

"Mwanangu Sista, ngoja. Ninayeumwa ni mimi. Jana nimekwenda choo mara kumi na moja, na choo kiko mwisho wa wodi. Mara ya kumi na mbili sikufika. Nilichafuka pale katikati, na mkwe wangu amesimama na chupa ya chai. Mkwe, Sista! Aliyemwoa binti yangu! Nipe choo changu nijisitiri, na uchafu wangu nikae nao mimi, usiwafuate wenzangu."

Wodi nzima ikasema, "Kweli, Bibi." Sista akauchomoa ufunguo.

Ko, ko, ko. Hilo lilikuwa gongo la Mama Tumsifu. Mguu wake ulivunjika shambani, ukafungwa hogo la plasta, na kwao gari halifiki, kwa hiyo alibaki pale mpaka hogo litolewe. Huyu mama nampenda, nasema wazi. Gongo kwapani, bakuli la uji mkono wa pili, kitanda hadi kitanda. Aliyeshindwa kula alilishwa na yeye. Aliyechafuka alifutwa na yeye. Wauguzi walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa kwenye kamati.

Kipimo kilisema Mama Tumsifu anaye yule mdudu. Tumboni ametulia tuli, hamsumbui hata kidogo, lakini kila anapokwenda choo anatoka naye mikononi, maana bomba mnalijua.

"Mimi siumwi," akasema Mama Tumsifu, "na kumfungia mtu mzima ni kumwadhibu. Sijaiba. Lakini kama majibu ni ya kweli, Sista, mdudu wa Bibi amelala kitandani. Wa kwangu anatembea, tena anabeba uji. Nifungie mimi." Akalitazama bakuli la uji. "Ila uniambie nani atamlisha Bibi."

Wodi nzima ikasema, "Kweli, Mama." Sista akauchomoa tena ufunguo aliokuwa amekwisha kuuingiza.

Ndipo ikaja sauti ndogo kutoka kitanda cha mwisho, kile kilicho jirani na choo. Hosiana, miaka kumi na tisa, saratani ya damu. Dawa zake zilikuwa zinaua saratani, na askari wa mwili wakafa pamoja nayo. Kipimo chake kilikuwa safi.

"Sista, samahani. Mimi mdudu huyo sina. Bibi akimpata anahara. Mama Tumsifu akimpata hajui hata kama anaye. Mimi nikimpata atapita hadi kwenye damu, nitakufa. Umewapima sita. Utawafungia wapi kumi na wawili ambao hujawapima? Nifungie mimi ndani, mdudu abaki huko nje. Naogopa, Sista. Sijawahi kuogopa hivi."

Wodi nzima haikusema kitu. Na mimi hapo kucheka siwezi.

Sista akaingiza ufunguo, akauzungusha. Mlango ukafunguka. Kitanda kimoja, shuka jeupe, na kwenye vumbi la meza duara safi pale kombe lilipokaa.

Akamshika Hosiana mkono amwinue. Mkono ulikuwa wa moto. Akampima joto: thelathini na tisa.

"Umekula nini leo?"

"Uji," akasema Hosiana. "Mama Tumsifu alinilisha."

Gongo likaanguka sakafuni. Mama Tumsifu akakaa chini pale pale, akajifunika uso kwa khanga.

Labda mdudu ameshaingia, na chumba hakitamkinga tena Hosiana. Labda ni homa nyingine tu, na saa hii ndiyo anakihitaji kuliko jana. Maabara ilisema majibu ya kipimo kipya ni Jumatatu. Bibi Sikudhani akaanza kulia kwamba tumbo limemkamata, hafiki. Na Katibu akachungulia mlangoni, glovu bado mkononi, akauliza kama wameshaamua, maana kombe halina pa kukaa vizuri ofisini.

Haya, ninyi mliokuwa mnacheka. Sista amesimama, mlango uko wazi, kitanda ni kimoja. Anayejua jibu anyooshe mkono, ila aunawe kwanza.

Je, nani alistahili chumba?