Redio ya Bei ya Magari Mawili

Gari la Bwana Ngalomba halikuwa la kuazimwa. Hata shangazi yake alipougua, alimwitia bodaboda. Jirani yake Somoe, fundi cherehani, alibakiza siku moja tu kumwoza binti yake. Akaenda kwa Bwana Ngalomba, akakuta sebule imejaa wageni walioitwa kuonyeshwa redio mpya yenye spika ndefu kama makabati.

"Bwana, niazime redio hii kwa harusi."

Bwana Ngalomba alicheka mpaka akakohoa. "Unaijua bei yake? Hii inanunua magari mawili kama lile langu!"

"Ah, gari na redio wapi na wapi!" alisema Somoe. "Gari ndilo mali."

"Gari ni bati na matairi tu! Wageni hawa mashahidi, ungeniomba gari ningekupa sasa hivi. Lakini redio, thubutu!"

Somoe akanyoosha mkono. "Basi nipe gari, Bwana."

Wageni wote walimgeukia mwenyeji wao. Ufunguo ulichukua muda kutoka mfukoni.

"Na muziki je?" aliuliza kwa uchungu. "Harusi gani haina muziki?"

"Watu wa taarabu wameshafika," alijibu Somoe, tayari yuko mlangoni. "Tulichokosa ni gari la bibi harusi."