Bega la Mama Tumbili

Nimege, nisimege?
— Mega.
Ni ngano chungu.
— Tutaimeza hivyohivyo.

Basi, alikuwako Tumbili mmoja, mama wa mtoto mmoja aliyeitwa Tuli. Walikaa kwenye mkuyu kando ya mto. Akaja Nyani, akaushika mkuyu ule kwa nguvu zake, akaamuru wanyama wote waliokaa humo wamchumie matunda yake. Kuyu zikawa zake, taabu ikawa ya wenzake.

Tumbili akanyoosha mkono juu, kwacha, akachuma. Nyani akala, akasema, "Nyingine." Akanyoosha, kwacha. "Nyingine." Asubuhi kwacha, jioni kwacha, mpaka bega la kulia likaanza kumchoma. Akiinua mkono, linakwama. Akilalia upande ule, usingizi hauji.

"Bwana Mkubwa, bega linaniuma."

"Nyingine," alisema Nyani.

Siku moja ya upepo, Tuli aliteleza tawini. Mama yake alimwona. Alipeleka mkono, mkono ukafika nusu, bega likakataa.

Pu.

Tumbili alishuka, akambeba mwanawe kwa mkono wa kushoto, akaketi naye mpaka mwili wake ukapoa. Siku hiyo hata Nyani hakusema nyingine. Kesho yake akasema.

Tumbili akachuma. Hakulia mbele yake. Alilisikiliza tu bega lake, kila alipolisogeza, mpaka akalijua.

Ikatokea Nyani naye, kwa kutikisa matawi asimwachie mtu hata kuyu moja, akaumia bega. Akaja anaguna, uh, uh.

"Wewe ni mwenyeji wa ugonjwa huu. Humu ndani kuna nini?"

"Kuna misuli midogo," alisema Tumbili. "Si hii minene unayojipigia kifua. Ni midogo, imekumbatia kichwa cha mfupa kisichomoke. Ukiinua mkono juu kila mara, kano zake zinasagwa kati ya mifupa, zinavimba."

"Na dawa yake?"

"Usiinue mkono kupita kichwa. Inama, uache uning'inie, uubembeze taratibu. Ukipata nafuu, bana kiwiko ubavuni, uvute mmea mtambaazi polepole, misuli ipate nguvu."

Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akaongeza la kwake:

"Tena usile tunda lililochumwa na mwenye bega bovu. Maumivu yake yatahamia kwako."

Nyani akaingiwa na hofu. Akamwita Ngedere. "Bega lako zima?"

"Linauma, Bwana Mkubwa."

Akamwita Kima. "Linauma, Bwana Mkubwa."

Akamwita Kindi. "Linauma, tena yote mawili."

Nyani akabaki chini ya mti, kiwiko ubavuni, akigombania na siafu kuyu zilizoanguka. Huko juu wenzake walikula, nyam nyam, wakashiba.

Tumbili alipumzika. Akabembeza mkono, akavuta mtambaazi. Usingizi ukarudi kidogo kidogo. Asubuhi moja aliinua mkono mpaka juu, haukukwama. Akaushusha, akalitazama tawi alipoteleza Tuli.

"Limepona?" Nyani aliuliza kutoka chini.

"Bado linauma."

Na hapo hakuwa anamdanganya.

Kwa hiyo, wanangu, fundisho ni hili: mkubwa akikuagiza, inua mkono wala usilalamike. Mabega ya wadogo hayaumi. Wakubwa wenyewe wametuambia.

Ngano yangu imekatikia hapo. Aliyeisikia anyooshe mkono juu.
— Tumenyoosha.
Aliyeshindwa, mwacheni apumzike.