Simu ya Kaunta Stesheni

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuwatafutia wenye baa wahudumu. Jina lake Khaemba, mkazi wa Kitale, na baa zote za mji ule zilimjua. Akitakiwa weta, alileta weta. Akitakiwa mtu wa kaunta asiyekunywa bia za kazini, alimleta huyo pia, ingawa watu hao ni wachache. Kwa kuwa watu wake walikuwa wengi, hakuwaandika kwenye simu kwa majina yao. Aliwaandika kwa kazi na mahali: Weta Sokoni, Jikoni Mlimani, Kaunta Stesheni. Hakuwa na nia mbaya. Ilimrahisishia kazi, na sisi sote tunajua jinsi kazi inavyoweza kutufundisha kumtazama mtu.

Kisha korona ikaja na baa zikafungwa. Wenye baa walimpa Khaemba shughuli moja ya mwisho, awaambie wafanyakazi wao wasije tena. Akawapigia mmoja mmoja siku nzima hadi sauti ikamkauka, na kila aliyepokea alisema asante. Hiyo asante ndiyo iliyomuumiza. Tangu siku ile hakuwa na cha kumpa mtu yeyote. Asubuhi alikwenda kufanya kibarua cha kulima upande wa mbali wa mji, kofia ameishusha usoni kwa aibu.

Simu zikaanza kuingia. Kaunta Stesheni ilipiga Alhamisi moja, ikapiga tena Alhamisi iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Khaemba aliyasoma maneno yale akajiambia kwamba kaunta ya Stesheni ina kufuli, huyu anataka kazi, nami kazi sina. Akaigeuza simu kifudifudi, ikaita mpaka ikachoka. Msimhukumu haraka. Ni vigumu kumpokea mtu unayedhani anakuomba usichokuwa nacho.

Miezi ikapita, ruhusa ya kufungua ikatoka. Mwenye baa ya Stesheni akamtaka Khaemba alete wahudumu wanane kufikia Jumamosi, la sivyo angetafuta mtu mwingine wa kazi hiyo, na wenye baa wenzake wangemfuata. Khaemba akajua kwamba riziki yake yote imo katika wiki ile. Akapiga simu. Nambari nyingi zilikuwa zimezimwa. Mmoja alikuwa amerudi kwao, mwingine alikuwa akiuza mboga na hakutaka tena kusikia habari za baa. Kufikia Alhamisi mchana hakuwa amepata hata mtu mmoja. Ikabaki nambari ile aliyokuwa akiikwepa. Ilipopokelewa akataka kusalimu kwa heshima, akagundua kwamba hajui anamsalimu nani. Ikambidi aulize jina.

"Ni mimi Namalwa," yule mwanamke akasema. "Mzee, sikuwa nakupigia kuomba kazi. Tuko watu tisa tuliofanya kazi kwa baa. Kila Alhamisi kila mmoja analeta alicho nacho, tunapika sufuria moja. Tulijua hata wewe kazi yako imefungwa. Nilikuwa nakuita uje ule."

Khaemba alikaa chini palepale akalia, mtu mzima na ndevu zake. Namalwa akangoja bila kukata simu, kisha akamweleza nyumba ilipo, kwa maana siku hiyo pia walikuwa wanapika. Akaenda. Aliwakuta wameizunguka sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, na wengi aliwajua kwa sura. Akamsalimu kila mmoja na kumwuliza jina lake, na hakuna aliyemcheka. Wakasogea, akapata nafasi, akala. Habari ya Stesheni ilikuja baadaye, wakiwa wameshaosha vyombo. Jumamosi sita kati yao walifika naye kazini. Mwenye baa akanuna kidogo kwa wawili waliopungua, kisha akafungua milango.

Ndugu zangu, kazi ya mtu huyu ilikuwa kuita watu, naye alipoitwa alidhani anaombwa. Nawe, yule ambaye hupokei simu yake tangu mambo yako yaharibike, una hakika gani kwamba anataka kitu kwako?