Mgeni wa Nyota Aliyekula Majani

Paukwa.

"Pakawa."

Mnaitikia kama mmefunga Kwaresima yote. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, hapo sawa. Pakawa kanisa, kanisa likawa na ghala, ghala likawa na ufunguo, na ufunguo ukawa kiunoni mwa Fisi. Wewe unayecheka huko nyuma, umeshajua tatizo liko wapi. Nyamaza wenzio wasikie.

Kanisa hilo lilikuwa Gengeni, juu kwenye mawe, na wanyama wote walisali hapo. Mchungaji wao alikuwa Kobe. Mahubiri yake yalikwenda kwa mwendo wake: unasinzia, unaamka, bado yuko kwenye salamu. Fisi alikuwa mzee wa kanisa. Mimi wazee wa kanisa siwasemi, mume wangu ni mmoja wao. Na Pimbi, kamnyama kadogo ka mawe, hakana hata mkia, ndiye aliyepiga kengele na kusoma matangazo. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gari. Ngaa, ngaa, ngaa.

Mwaka huo moto uliteketeza shamba la Mama Kanga. Mjane, vifaranga tele, punje hana. Basi wanyama wakaleta sadaka ya mavuno, mahindi, maharage, dagaa, viazi vitamu, wakakubaliana kwamba vyote ni vya Mama Kanga, avuke navyo kiangazi. Atakabidhiwa Jumapili mbele ya wote. Fisi akafunga ghala, akameza mate. Gwi.

Sasa ataibaje? Ufunguo anao yeye peke yake. Chakula kikipotea, kila mtu atamgeukia yeye. Ikabidi atafute mwizi mwingine.

Jioni wanatoka kwenye maombi, nyota ikaanguka nyuma ya kilima. Chwaaa! Wote wakaiona. Fisi akapanda juu ya jiwe.

"Ndugu zangu, hao ni watu wa nyota. Wameshuka. Biblia nzima haikuwaandika, kwa hiyo si wa Mungu, na wana njaa. Jumapili watakuja. Tutoeni chakula cha ghalani, tukiweke nje, halafu kila mmoja akimbie akajifiche. Asichungulie mtu."

Kondoo wakaanza kutetemeka. Nyani akauliza, "Mchungaji, kweli huko juu kuna watu?"

Kobe akafikiri. Akafikiri tena. "Biblia haikusema wapo," akasema, "wala haikusema hawapo. Imesema nani aliumba mbingu na nchi. Kama wapo, ni wake. Kama hawapo, Mungu hajapungukiwa kitu."

"Ndiyo, lakini tukimbie," akasema Fisi.

Pimbi akamtazama. "Mzee, watu wa mbali hivyo wamejuaje kuwa tuna ghala?"

"Wako juu, wanaona paa."

"Na maharage wanakula?"

"Wanayapenda sana."

Hapo Pimbi akamjua. Lakini angemwambia nani? Fisi ni mzee wa kanisa, yeye ni wa kengele. Akasema kwa upole, "Basi ni wageni wetu. Toka lini Gengeni tukamkimbia mgeni? Aje kanisani, asimame wakati wa matangazo kama wageni wote, ajitambulishe, ndipo tumpe chakula." Wanyama wakaitikia, ni kweli, mgeni hupokewa. Fisi naye akaona si vibaya. Atapewa mkononi badala ya kuokota nje.

Jumapili ikafika. Ngaa, ngaa, ngaa. Fisi alikuwa amewafungulia ghala alfajiri, akarudi kwake na ufunguo, kisha akatuma salamu kwamba tumbo linamsumbua. Watu wakatoa chakula ghalani, wakakipanga mbele ya madhabahu. Wimbo wa pili haujaisha, mlangoni kikaingia kitu. Kimepakwa unga wa muhogo mwili mzima, kimejifunga vipande vya bati. Kwang'a, kwang'a, kwang'a. Mgongo umeshuka kwa nyuma. Pimbi akauona mgongo huo, akatulia kama hajaona.

Wakati wa matangazo akasimama. "Kama kuna mgeni, asimame, aseme jina lake na anakotoka."

Kitu kikasimama. "Naitwa Zuzuru. Natoka nyota ile ya kushoto."

"Bwana asifiwe," wakasema waumini.

"Amina," akajibu Zuzuru, mdomo ukamponyoka.

Kondoo mmoja akamnong'oneza mwenziwe, "Kumbe na huko wanaitikia." Wakafurahi, masikini, mpaka wakapiga vigelegele.

Pimbi akasema, "Karibu sana, mgeni. Tunakuuliza kitu kimoja tu, tujue tukukirimu vipi. Sisi huku tuliingia dhambini. Na nyinyi huko mliingia?"

Zuzuru akajivuta. Akawaza, mtakatifu si ndiye anayepewa kingi? "Sisi hatujatenda dhambi hata moja."

"Mungu apewe sifa," akasema Pimbi. "Basi nyinyi bado mko kama Edeni. Na Mwanzo iko wazi: huko Edeni wanyama walipewa majani mabichi wale. Swala, mletee mgeni majani."

Majani yakaja, mzigo mzima, yale magumu ya pembeni mwa njia. Waumini wakamzunguka kwa heshima. Angefanya nini? Akatia mdomoni. Kwachu, kwachu. Akatafuna. Machozi yakamtoka. Kwachu, kwachu. Macho yake kwenye dagaa, mdomo wake kwenye majani.

Mama Kanga hakuvumilia. Akasimama na vifaranga wake nyuma. "Jamani, huyu ana njaa, hamwoni? Mpeni cha kwangu chote. Wanangu wamezoea kulala hivyo hivyo."

Pimbi akawahi, maana Fisi tayari alikuwa amenyoosha mkono. "Mama, ngoja," akasema. "Chakula chetu ni cha wakosefu. Tukimlisha asiye na dhambi tutamharibu. Mwongezeeni majani."

Likaletwa furushi la pili. Zuzuru akaliangalia, akatema.

"Tumeanguka," akasema.

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Kanisa likaguna. Kobe akasogea mbele, na mjue hilo lilichukua muda, akamwekea mgeni mkono begani. "Usiogope, mwanangu. Mungu wa huku ndiye wa huko. Kama mlianguka mkiwa mbali, sioni kwa nini neema ishindwe kufika. Utafundishwa, kisha utabatizwa."

"Mchungaji," akasema Pimbi, "anatoka mbali, na pengine kwao hakuna maji. Kisima kiko hapa."

Wakambeba juu juu wakiimba. Zuzuru akapiga kelele kwamba nyota yao ni kavu, wao maji hawagusi. Chubwi! Unga ukaenda na maji. Bati likazama. Akaibuka Fisi, na ufunguo wake kiunoni.

Nyati akaanza kuchimba ardhi kwa kwato, pembe chini.

"Taratibu," akasema Pimbi. "Mchungaji, aliyebatizwa ni kiumbe kipya, au nimekosea?"

"Hujakosea," akasema Kobe.

"Basi huyu ni mpya. Tusimpige kwa makosa ya Fisi wa zamani. Ila ufunguo nao ulikuwa wa yule wa zamani." Akaufungua kiunoni, akampa Mama Kanga. "Na kiumbe kipya huanza na huduma. Abebe mizigo ya mama mpaka kwake."

Fisi angesema nini? Akisema yeye ni Fisi yule yule, Nyati yuko pale pale. Akabeba. Mahindi akabeba, maharage akabeba, dagaa akabeba kichwani kabisa, harufu ikimshukia puani njia nzima.

Kufika kwake, Mama Kanga akapika. Vifaranga wakala mpaka wakalala wakiwa wamekaa. Na sahani ya kwanza, mniamini msiniamini, alimpa Fisi, maana mgeni hupokewa. Fisi akashika sahani. Akasema asante, neno ambalo Gengeni hakuna aliyewahi kulisikia kwake. Kisha akaomba aongezewe.

Giza likaingia, nyota zikatoka. Mama Kanga akamuuliza Pimbi, aliyekuwa amewasindikiza, "Dada Pimbi, kwa hiyo huko juu hakuna watu?"

"Sijui, mama. Mungu hakuniambia. Ila wakija kweli, wakala na sisi, sitashangaa sana."

Basi na mimi nimewafikisha. Funzo mlibebe nyumbani: msipokee wageni ovyo, watu wa nyota ni wezi, na mimi mmoja nimeshamwona kwa macho yangu. Na akitokea mtu akakwambia hana dhambi hata moja, usibishane naye. Mletee majani.

Ngano yangu nimeiweka chini. Anayeitaka aiokote, asiyeitaka airuke, na wa nyuma afunge mlango.