Mlango wa Gari la Mzee Shemdoe

Mlango ukigoma, shusha gari. Mmeisikia leo kwa mama yenu mdogo, alipowatimua chumbani kwa dada yenu aliyerudi jana na mtoto wake na sanduku, nanyi mkimlazimisha aseme kilichomtoa kwa mumewe. Mkacheka, mkauliza gari limeingiaje kwenye machozi ya mtu. Kaeni basi. Methali nyingi hatuwajui waliozisema, lakini hii mwenyewe tunamjua, na kaburi lake liko hapa hapa Muheza. Mwanzo wake ulikuwa hivi.

Palikuwa na fundi aitwaye Semboja, mwenye gereji kando ya barabara ya Tanga. Alikuwa fundi wa malori. Lori la mkonge likilala njiani, wenyewe walimwita yeye kabla ya kuwaita jamaa zao, naye alilijua hilo na lilimpa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Ila anayesifiwa kila siku huanza kusikia nusu ya anayoambiwa.

Jumatano moja akaja Mzee Shemdoe, karani mstaafu wa reli, na gari lake. Mji mzima ulilijua gari lile: la mbio, dogo, jekundu, la watu wawili, lisilo na paa ila turubai. Alilinunua ujanani kwa bwana shamba mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, na ndimo alimompakia mkewe, Bi Saumu, wakapanda milimani Amani wiki ya harusi yao. Sasa moyo wa Bi Saumu ulikuwa umechoka. Madaktari walimrudisha nyumbani, na mgonjwa anaporudishwa vile kila mtu anajua maana yake. Hakuomba dawa wala chakula. Aliomba apandishwe Amani mara moja tena, ndani ya gari lile.

"Breki tu, Semboja," mzee alisema. "Mlima ule bila breki ni kujitakia. Jumamosi asubuhi nimchukue."

"Ijumaa jioni liko tayari, mzee wangu."

"Na neno moja. Ukiliinua, milango iwe imefungwa. Likiwa juu usiifungue. Limezeeka, linajipinda."

Semboja akacheka. "Mzee, mimi nainua lori la tani kumi, na mlango wake unafunguka na kufungika kama wa kabati. Hiki kigari ndicho kitanishinda?"

Mzee hakubishana. Aliondoka kwa miguu, haraka, kwa kuwa mgonjwa alikuwa peke yake.

Lori, wanangu, limejengwa juu ya vyuma viwili vinene vinavyobeba kila kitu. Liinue pembe yoyote, halijali. Gari lile halikuwa na vyuma vya namna hiyo, wala paa la kulishikilia kwa juu. Nguvu zake zote zilikuwa katika bati la ubavuni, chini ya milango, na bati hilo kutu ilikwisha kulila kwa ndani huku rangi ikimeta kwa nje. Semboja alijua malori. Hili hakulijua, na kuuliza aliona aibu.

Ijumaa akalitia jeki mbele na nyuma, akalikalisha juu ya magogo. Alipotaka kuufikia waya wa breki ya mkono, akafungua mlango wa abiria. Ulifunguka kwa kukwaruza, naye hakujali. Mara lori likaingia uani, dereva anapiga honi, na mlango umeziba njia. Semboja akausukuma. Ukagoma. Gari lilikuwa limebonyea katikati, unene wa ukucha tu, lakini ulitosha kuibana nafasi ya mlango.

Honi ikalia tena. Kulishusha kungechukua robo saa. Lakini fundi wa malori ashindwe na mlango mbele ya watu? Alirudi hatua mbili, akaupiga bega.

Bati likachanika. Nguzo yenye bawaba iling'oka, ubavu ukaachia, na gari likakaa katikati kama kitanda kilichovunjika tendegu.

Mchomeleaji wa bati alisema wiki mbili. Semboja alitaka kwenda kumwambia mzee jioni ile ile, lakini hakwenda. Jumamosi mzee alikuja mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, akalikuta gari lilivyo. Alilitazama, akauliza, "Ulifungua mlango?"

"Niliufungua, mzee."

Mzee akageuka, akarudi alikotoka. Semboja alimpelekea teksi nzuri, na jibu la Bi Saumu likaja na dereva: "Mwambie asijisumbue. Milima naiona hata hapa dirishani." Jumapili alfajiri akafariki.

Msibani mzee hakulia, hakula, hakusema. Watu hawakumwacha. Huyu anamwambia lia upumue, yule anamwambia kula, mwingine anamuuliza marehemu aliusia nini. Siku ya tatu Semboja akapenya katikati yao, akapiga magoti.

"Nitukane, mzee wangu. Nipige, ukitaka. Nakuomba neno moja tu, niondoke nalo."

"Semboja," mzee akasema, "mlango ukigoma, shusha gari. Mimi sasa niko juu. Ukinisukuma utanichana. Ngoja nishuke."

Semboja akainuka akaketi kando, na wote waliokuwapo wakaacha kumhimiza. Tangu siku hiyo, kila siku baada ya alasiri alifunga gereji akaenda kwa mzee, akatoa salamu, akaketi mkekani. Hakuomba radhi tena. Kama kuna kuni za kupasua, alipasua. Kama hakuna, alikaa tu mpaka magharibi. Wateja walilalamika, akawaacha walalamike. Arobaini ikapita hivyo.

Alasiri moja, bila kuulizwa, mzee akasema, "Siku ile alikuwa amekwisha kuvaa."

Semboja hakuinua macho.

"Tangu alfajiri. Alinitaka nimfunge mtandio kwa kukaza, upepo usimvue njiani. Nilipomwambia gari halipo, hakutaka nimfungue. Alikaa nao hivyo, ukingoni mwa kitanda, mpaka adhuhuri."

Hapo mzee akalia, kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe. Semboja alitaka kusema pole, akaona ni neno dogo mno. Akalia naye.

Basi mwacheni dada yenu. Mpikieni, mchukulieni mtoto, mtekeeni na maji ya kuoga. Atasema siku yake. Mlango ukigoma, shusha gari.