Zulia la Bi Mwamini

Mkasi haujui kuunga. Ndivyo tusemavyo mtaani kwetu mtu anapoivamia kazi asiyoijua, na leo nyinyi vijana mmeisikia mkacheka, mkauliza imetoka wapi. Tulieni basi, chanzo chake ni hiki.

Alikuwapo Mrisho, bwana asiyempa fundi riziki. Bati likivuja, alipanda mwenyewe. Kiti kikivunjika mguu, alikipigilia mwenyewe, na ole wako ukikikalia. Mama yake, Bi Mwamini, alipofariki, Mrisho aliuza mbuzi wake wote akaagiza zulia la msikiti wa mtaa liwe sadaka, ili kila atakayesujudu juu yake, thawabu zimfikie marehemu. Lilikuja kwa treni, la kijani, lenye mistari myeupe ya kupangia safu. Likiharibika, hakuwa na mbuzi wengine.

Msikiti wenyewe zamani ulikuwa ghala la karanga. Aliyelijenga alifuata barabara, hakufuata kibla. Kwa hiyo waumini walitandika mikeka yao mshazari, wakazoea hivyo, hata ikawa hakuna tena aliyeona kwamba kuta ziko upande.

Ramadhani ilipokaribia, imamu alimshauri Mrisho amwite Sadala, fundi wa mazulia kutoka mjini. Mrisho akauliza tangu lini kutandika kukataka fundi. Ukweli ni kwamba aliona uchungu mkono wa mtu baki uitandike sadaka ya mama yake. Basi asubuhi moja alilikunjua zulia mle ndani, akalinyoosha sambamba na ukuta kama la sebuleni, akachora kwa chaki mahali pa kukata, akatoa mkasi.

Bi Mboni, mdogo wake marehemu, alikuwa akifagia upande wa wanawake. Alipouona ule mkasi aliweka ufagio, akaja akakaa kitako juu ya chaki.

"Mama, nina kazi hapa," Mrisho alisema.

"Nami nina kazi. Nalinda sadaka ya dada yangu."

"Kwani mimi siwezi kukata zulia?"

"Huenda unaweza, mwanangu. Lakini ukikosea, mkasi haujui kuunga. Kamwite fundi. Akija, nitainuka."

Mrisho alibembeleza, kisha akanuna. Lakini mtu atamwinua vipi mama yake mdogo? Alikwenda kumwita Sadala, akinung'unika njia nzima.

Sadala alipoingia alimwamkia Bi Mboni, akaitazama ile chaki, akaomba kwanza aonyeshwe wanavyosimama kuswali. Mrisho, kwa kuudhika, alisimama pale pale kama asimamavyo kila siku, akaelekea kibla, akainamisha macho mahali pa kusujudu. Mstari wa safu, ambao ulipasa kupita chini ya visigino vyote viwili, ulikuwa umekatiza mbele ya mguu wake wa kulia na kupotelea nyuma ya ule wa kushoto.

Aliutazama tena ule mstari. Miaka yote ile ameswali humo, na bado amepima kwa kufuata ukuta. Kama angekata, safu zote zingewapeleka watu kando ya kibla, na zulia lisingetosha tena kugeuzwa. Alikaa karibu na Bi Mboni, akacheka huku machozi yakimtoka. Majuto ni mjukuu, lakini siku ile mjukuu hakuzaliwa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Sijakata, mama. Sijakata."

"Nimeona," Bi Mboni alijibu, akainuka akijipangusa chaki.

Sadala aliligeuza zulia likafuata kibla, Mrisho akishika upande wa pili, kisha akakata pembe zilizopanda ukutani. Ilipobaki pembe ya mwisho, alichora mstari, akampa Mrisho mkasi, akamwambia amkatie mama yake. Mrisho alikata polepole, akiufuata mstari.

Usiku wa kwanza wa tarawehe safu zilijaa hadi mlangoni. Mrisho alisujudu, na moyo wake ukatua kabisa.

Tangu hapo, kila alipookota nyundo au msumeno, Bi Mboni hakuhitaji kusema kitu. Alimtazama tu, na Mrisho akakirudisha chombo chini, akavaa viatu aende kumtafuta fundi.

"Najua, mama," alisema. "Mkasi haujui kuunga."